Mstari Mmoja wa Majaribio

Bi Zamzam, mke wa mwenye majengo, hakupenda kulipia nywele. Kila msusi alimwambia, "Nisuke mstari mmoja wa majaribio. Nikiridhika, nitakupa kichwa chote." Hakuridhika kamwe. Siku ya harusi ya mwanawe alikuwa na mistari saba ya wasusi saba, akamwita Mwantatu asuke wa mwisho.

"Ukinivuta nakufukuza!"

"Inama kidogo, mama."

Mwantatu alihangaika kisogoni saa nzima.

"Mbona mmoja tu unachelewa hivyo?"

"Najaribiwa, mama. Sitaki makosa."

Alipomaliza, Bi Zamzam alisema, "Sijaridhika. Nenda!"

"Naenda. Ile mistari saba nimeifumua, usije ukachanganya kazi yangu na ya wengine."

Bi Zamzam alijishika kichwa. Nje magari ya harusi yalikuwa yakipiga honi.

"Nimeridhika! Kazi ni yako!"

"Ni yetu," alisema Mwantatu, akafungua mlango. Wale wasusi saba waliingia na vitana vyao.