Trekta kwa Mkubwa, Kitabu kwa Mdogo

Mama mmoja alikuwa na wana wawili na trekta moja. Jina lake Kabula. Mumewe alipokufa, wazee wa ukoo walikaa kugawa urithi, na pombe ya matanga ilikuwa bado haijawatoka vichwani. Wakasema trekta achukue Luhende, kwa kuwa ndiye mkubwa. Sitta, mdogo, akanuna. Basi wakampa kitabu cha trekta, kile cha maelekezo ya matengenezo, wakisema aliyesoma apewe cha kusomwa. Wakaona wametenda haki, wakaenda zao.

Kitabu chenyewe kilikuwa kizuri, tusiseme uongo. Kiswahili chake chepesi, kila chuma kimechorwa mahali pake, kila taa imeelezwa. Sitta alikisoma akakimaliza. Jioni aliketi barazani akiwasomea majirani habari za oili na chujio, watu wasio na hata baiskeli, nao wakamwita mwalimu. Luhende yeye alilima, tena kwa majigambo, akisema chuma hakitaki hadithi, kinataka mwanamume.

Kabula hakutaka ualimu wala uanaume. Alitaka shamba la bondeni lilimwe kabla ya mvua, kwa sababu ghalani lilibaki vumbi tu na wajukuu wote walikuwa wanakula kwake.

Siku Luhende alipoingia bondeni, taa nyekundu ikawaka mbele ya usukani. Ilimkera macho, akaibandika plasta ya kidonda, akaendelea. Kabula aliiona. Akajifunga kanga, akakimbia kwa Sitta na miguu yake ile mibovu, akamwuliza taa ile inasema nini. Sitta alijua. Ukurasa wenyewe alikuwa ameukunja pembe. Akafunga kitabu, akasema:

"Mama, mwambie kaka aje mwenyewe, aulize mbele za watu."

Kabula akarudi mbio. Luhende akacheka, akasema mdogo wake akitaka heshima aje alime. Mama akageuka tena kwenda kwa Sitta. Alikuwa katikati ya njia, huku mbali na kule mbali, aliposikia injini ikilia kama mbuzi anayechinjwa, kisha kimya.

Hapo ndipo Sitta akaja, kitabu kwapani, mama na majirani nyuma yake. Akasimama kando ya injini iliyonoki, akasoma kwa sauti: taa hii ikiwaka, oili haizunguki; zima injini papo hapo. Alisoma vizuri, hakukosea hata neno. Majirani wakatikisa vichwa, wameridhika. Luhende akamtukana. Mvua ikaanza, watu wakakimbilia majumbani. Kabula akabaki bondeni na jembe la mkono, shamba lote lile mbele yake, akapiga jembe la kwanza huku akijua hatamaliza.

Nanyi mnaomsikitikia mama huyu, kwenu nani kashika usukani, na kitabu kimelala kwa nani?