Kombe la Raga Shambani kwa Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo wanyama walikuwa na majiko, vitanda na barua za mialiko, aliishi Bi Pimbi na watoto wake watano. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna taratibu, maana hadithi hii ina kelele zake yenyewe.

Pimbi mnamjua? Ni yule mnyama mdogo wa kwenye miamba, mnene mnene, hana mkia. Bi Pimbi alikuwa na shamba moja tu, chini ya mwamba wake, aliloachiwa na marehemu mumewe. Udongo wake ulikuwa mgumu, na katikati kulikuwa na visiki kumi na vinne.

Sasa sikieni sheria ya nyika hiyo. Shamba lisipolimwa na mwenyewe, au na watu waliokuja kumlimia, hadi mvua ya kwanza ya masika inyeshe, mwenyewe ananyang'anywa, anapewa mwenye nguvu za kulima. Kila mwaka mwenye nguvu za kulima alionekana kuwa Mzee Nyati, na mwenyekiti wa kamati ya ardhi naye alikuwa huyo huyo Mzee Nyati. Mashamba aliyoyapata kwa njia hiyo hakulima hata moja. Aliyalalia.

Bi Pimbi alishika jembe siku nne, ko! ko! ko!, akamaliza kipande cha kutosha kutandika mkeka. Mawingu yakaanza kujikusanya kule milimani. Akaona hapa pana kazi, bora aite ujima, yaani majirani waje wamsaidie kulima na yeye awapikie. Akaenda kwa Nyati.

Nyati hakukataa. Alisema angekuja yeye na ndugu zake, na Tembo na Kifaru na Kiboko pia wangekuja, ilimradi chakula kiwepo. Bi Pimbi akauliza apike kiasi gani. Akaambiwa Tembo mmoja hufungua kinywa kwa mapipa manane ya uji, na hapo hajaanza kula.

"Kama huna, mama, usijisumbue," Nyati akamwambia kwa upole ule unaoudhi kuliko matusi. "Mvua ikinyesha nitakuja kulichukua shamba. Mwambani nitawaacha mkae."

Bi Pimbi alirudi nyumbani akilia. Sisemi alijifanya. Alilia kweli, kwa sababu mwaka uliopita watoto wake walilala na majani ya kuchemsha, na safari hii hata majani yangekuwa ya Nyati.

Lakini katikati ya kilio akakumbuka ukuta wa sebule ya Nyati. Ulijaa vyeti vya mikutano, beji za makongamano, na picha saba za Nyati amekaa meza kuu mbele ya chupa ya maji. Bi Pimbi akafuta machozi. Akatafuta karatasi na mkaa.

Kesho yake tangazo likaonekana mtoni, pale wote wanaponywea maji: UZINDUZI WA KOMBE JIPYA LA KIMATAIFA LA RAGA. NCHI ZOTE ZA NYIKA ZINAALIKWA. KUTAKUWA NA MEZA KUU.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyowamaliza.

Hakuna aliyejua raga ni kitu gani. Mimi pia sijui sana. Nimeambiwa ni watu wazima wanaogombea mpira wenye umbo la yai mpaka wanavunjana pua. Lakini pale mtoni kila mmoja alisema ameicheza tangu utotoni. Kabla ya jua la mchana Nyati alishakuwa Rais wa Kamati ya Kimataifa, Tembo akawa Makamu wa Rais, Kifaru akawa Katibu. Kiboko alichelewa, akakuta vyeo vimekwisha, akaanza kununa. Wakampa Mlezi wa Makamu.

Nchi nazo zikapatikana hapo hapo. Kila mmoja alitangaza malisho yake kuwa taifa, akaleta ndugu zake kuwa timu, na wimbo wa taifa ukatungwa. Wimbo wa nchi ya Kiboko ulikuwa kupiga chafya mara tatu, na watu walisimama wima kwa heshima.

"Uwanja je?" Nyati akauliza.

"Uwanja upo, Mheshimiwa Rais," Bi Pimbi akajibu. "Ni pale shambani kwangu. Mtaniwia radhi, pana visiki kidogo."

Siku ya uzinduzi ikafika. Mlangoni pa shamba Bi Pimbi aliweka meza ndogo yenye kitambaa cheupe, na juu yake kitabu cha wageni chenye safu nne: jina, atokako, cheo, dhumuni la ujio. Mstari wa kwanza alishaujaza mwenyewe. Nyati akaja, akashika kalamu, akaandika jina lake kubwa mpaka likatoka nje ya mstari. Akaandika nchi yake. Kwenye cheo akaandika kwa mwandiko wa kujipinda: Rais wa Kamati ya Kimataifa. Alipofika kwenye dhumuni, akachora vile vijistari viwili vya kusema "kama hapo juu", akaenda zake kutafuta kiti.

Msicheke. Hata nyinyi mnafanya hivyo. Tembo akachora vijistari. Kifaru akachora. Viboko wote kumi na watano wakachora, na mmoja wao alichora vya ziada kwa ajili ya shemeji yake ambaye hakuja.

Mgeni rasmi alikuwa Twiga, naye akachelewa saa nne, maana asingechelewa watu wangedhani si mgeni rasmi. Alihutubia muda mrefu. Hakuna aliyesikia neno, kwa sababu kinywa chake kilikuwa juu ya turubai na wasikilizaji walikuwa chini yake. Walitazama shingo tu. Kila donge la mate liliposhuka, gulu!, wakapiga makofi.

Ndipo Bi Pimbi akasimama na filimbi shingoni, akasoma kanuni.

Timu mbili zinainama, zinaingiliana vichwa, zinasukumana. Hiyo inaitwa skramu. Katika skramu kila mchezaji lazima akwatue ardhi kwa kwato mpaka udongo mweusi uonekane. Asiyekwatua ametegea, anatolewa nje. Mkifika mwisho wa kamba iliyofungwa kati ya migomba miwili, mnasogea hatua moja kando, mnasukumana kurudi. Mwenye mpira anakimbia ameinama juu ya ule mfereji uliochimbika. Nyuma yake timu nzima inapita ikiburuza miguu, ishara ya kuuaga mpira. Na timu inayokosea inaadhibiwa kwa kung'oa kisiki.

Kifaru alikuwa na akili kidogo kuliko wenzake, namaanisha alizidi kidogo. Aliutazama mpira, ambao ulikuwa kibuyu, akaugeuza.

"Mbona mpira wenyewe una tundu chini," akauliza, "na ndani kuna vitu vinachezacheza?"

Bi Pimbi akaifuta filimbi yake taratibu. 

"Bwana Katibu," akasema, "huo ni mpira wa kimataifa."

Wenzake wakamtazama Kifaru kwa aibu, kama mtu aliyekuja karamuni na mguu mmoja wa kiatu. Akaurudisha mpira haraka, akasema alikuwa anawajaribu tu.

Prriiii!

Weee, watoto! Kishindo! Nyati na ndugu zake upande huu, Tembo na wa kwao upande ule, gudu! gudu! gudu! Udongo ukaruka, vumbi likapanda mpaka Twiga akakohoa kwenye mawingu. Vifaru na viboko wakapokezana nao. Mfereji wa kwanza ukachimbika moja kwa moja, kutoka mgomba huu mpaka mgomba ule. Nyati akanyakua kibuyu, akakimbia ameinama, na kila hatua punje mbili zikadondoka, to! to!, to! to! Timu yake ikamfuata ikiburuza miguu kwa huzuni kubwa, ikazifukia.

"Hatua moja kando!" Bi Pimbi akapaza sauti.

Tembo walikosea kanuni mara kumi na nne. Wenyewe hawakujua walikosea nini, ila filimbi ilipolia walikwenda wakang'oa kisiki bila kubisha, kwa sababu kubishana na mwamuzi si kimataifa. Visiki vilipokwisha, wakawa hawakosei tena, na magazeti ya nyika yakaandika kwamba timu imeimarika.

Jua lilipoanza kushuka, mshindi akatangazwa kuwa Nyati. Kombe lilikuwa sufuria ya Bi Pimbi yenye masikio mawili. Nyati alilitundika kwenye pembe yake, akalia machozi, akawashukuru wazazi wake. Bi Pimbi akatangaza kwamba hiyo ilikuwa hatua ya awali tu. Fainali baada ya wiki tatu, uwanja upumzike.

Kesho yake asubuhi mvua ya kwanza ikanyesha. Nyati hakuikumbuka, alikuwa anasugua kombe.

Wiki tatu zikapita. Timu zote zikarudi zimevaa jezi, Nyati mbele na sufuria yake pembeni. Walipofika mlangoni wakasimama ghafla. Uwanja haukuwepo. Palikuwa na mahindi, yamefika magotini, mistari imenyooka.

Nyati akatazama mahindi. Akatazama kwato zake. Kidogo kidogo akaelewa, na alipoelewa akatoa mvuke puani.

"Umetudanganya!" akanguruma. "Tena siku ile hukushika jembe hata kidogo. Sheria inasema shamba lilimwe na mwenyewe, au na watu waliokuja kumlimia. Sisi tulikuja kucheza raga. Kwa hiyo mvua imenyesha, hujalima, na shamba hili ni langu, na mahindi yake!"

Watoto watano wa Bi Pimbi wakajificha nyuma ya mama yao. Mama yao akaingia ndani, akarudi na kitabu cha wageni. Akampa Kifaru asome, kwa kuwa ndiye Katibu.

Kifaru akavaa miwani, akasoma kwa sauti. "Mstari wa kwanza: Bi Pimbi, wa hapa hapa, mwenye shamba. Dhumuni, kulima. Mstari wa pili: Mzee Nyati, Nchi ya Nyati, Rais wa Kamati ya Kimataifa. Dhumuni…" Akasogeza kitabu karibu na pua. "Dhumuni, kama hapo juu."

Akaendelea. Tembo, kama hapo juu. Kifaru, na hapo akajikuta anajisoma mwenyewe, kama hapo juu. Viboko kumi na watano na shemeji yao, kama hapo juu.

Kila mmoja akanyoosha shingo kuviona vijistari vyake mwenyewe.

"Ukurasa huu una makosa," Nyati akasema. "Uchanwe."

"Tunaweza kuuchana, Mheshimiwa Rais," Bi Pimbi akajibu kwa adabu. "Ila cheo chako kimeandikwa hapo tu. Tukiuchana, hapakuwa na kamati. Na kama hapakuwa na kamati, hilo ulilovaa pembeni ni sufuria yangu, nami nina maharage ya kupika."

Nyati akaligusa kombe. Akawatazama Makamu, na Katibu, na Mlezi wa Makamu, na wote walikuwa wanaangalia chini, kila mmoja akiogopea cha kwake.  Kisha akakohoa.

"Maandishi ni maandishi," akasema. "Kamati ya ardhi imeona. Shamba limelimwa, ni la Bi Pimbi."

Akageuka kuondoka. Alipofika mbali kidogo akarudi, akainama mpaka sikioni kwa Bi Pimbi, akauliza kwa sauti ya chini, "Na fainali?"

"Fainali ipo, Mheshimiwa. Nimeisogeza mpaka wiki ya palizi. Mje mapema."

Wakaja mapema.

Funzo ni hili, watoto: kabla hujaandika "kama hapo juu", inua macho usome kilichoandikwa juu. Mimi hadithi yangu imekomaa, nakwenda kuchoma hindi langu.