Viti Vipya vya Mama Nyamizi

Mwenyeji asipokaa, kila kiti ni miiba.

Jana mlimsikia shangazi yenu akiambiwa hivyo, alipokuwa akizunguka na masinia huku wageni wake wamesimama kama wanangoja treni. Mkacheka, kisha mkauliza miiba iliingiaje kwenye kiti. Basi tulieni. Miiba hiyo haikutoka porini. Ilianzia hapa hapa Tabora, katika mgahawa wa kahawa ulio njia ya stesheni, siku ambayo Mihayo hakuamka kuwasha jiko.

Alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu, kama mtu anayesikiliza jambo. Mkewe, Mwasiti, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Nyamizi, alimwita, akaenda kuchota maji, akarudi akamwita tena. Kabla ya adhuhuri uani palikuwa pamejaa watu. Penye msiba hutafutwa pa kukalisha watu, na nyumba ile viti ilikuwa navyo. Viti vyote vya mgahawani vikatolewa nje, mabenchi na viti vya kamba, wazee wakakaa, mchana ukapita. Usiku mvua ikanyesha, na hakuna aliyekuwa na akili ya kukumbuka viti. Matanga yalipoanuliwa, kamba zilikuwa zimeoza, mabenchi yamepinda, miguu imelegea. Vikawa kuni.

Kilichosalia kizima ni kigoda cha Mihayo, kile alichokalia mbele ya jiko akimimina kahawa. Hakikutolewa nje siku ile, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kukikalia. Mwasiti alikifunika kwa kanga, akakisukuma nyuma ya mlango.

Akakaa eda. Alipotoka, shemeji yake Kapama, mdogo wa marehemu, alikuja kumwamkia na kusema lililomleta. Nyumba ilikuwa ya ukoo, na Kapama hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mkulima, na mkulima akiona chumba kitupu huona ghala.

"Shemeji, sikufukuzi," alisema. "Lakini chumba cha mbele kikikaa bure, panya watakichukua. Fungua mgahawa ukitaka. Karanga zikivunwa na bado hakuna watu, nitaweka magunia yangu humo."

Mwasiti akaitikia kwa kichwa. Miaka yote ya ndoa yake alikuwa mtu wa uani. Alitengeneza kashata, Mihayo akaziuza, na kupitia ukutani alisikia wale wazee wakibishana mpaka adhana ya magharibi: nani alidanganya katika bao, mwaka gani reli ilikatika kwa mafuriko. Hakuwahi kuzitilia maanani sauti zile. Sasa nyumba ilikuwa kimya, na akaona kwamba hizo ndizo zilizokuwa zimebaki za Mihayo. Zikiingia karanga humo, hatazisikia tena sauti zile.

Akaenda kwa fundi Lukanga, seremala.

"Mninga, Mama Nyamizi," alisema Lukanga, akipapasa ubao kama mtu anayepapasa ng'ombe wake. "Mchwa hawauli mninga. Mabenchi haya wewe utakufa, utayaacha." Halafu akakumbuka anazungumza na nani, akainama kutafuta msumari ambao haukuanguka. "Nilikuwa nausifia mti tu."

"Nimekuelewa, fundi. Nitengenezee."

Siku ya kufungua, wale wazee walikuja wote. Walipiga hodi, wakaingia, wakamkuta Mwasiti amesimama katikati ya chumba, birika mkononi, kitambaa safi begani. Alikuwa ameazimia kuwahudumia vizuri kuliko walivyowahi kuhudumiwa. Wakampa pole, wakayasifu mabenchi. Mmoja akaukwangua ubao kwa ukucha na kusema huu ni mninga wa Sikonge, hakuna ubishi. Kisha wakapokea vikombe vyao, wakanywa wakiwa wamesimama karibu na mlango.

"Kaeni basi," alisema Mwasiti.

"Tunashukuru, mama. Tumekaa sana leo."

Wakarudisha vikombe, wakaenda zao. Kashata zilibaki kwenye sinia.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata. Mwasiti akaanza kuyatazama mabenchi kwa jicho baya. Labda ubao ni mgumu. Wazee wamekonda, hawana nyama za kukalia. Akampigia simu binti yake Nyamizi, aliyekuwa akifanya kazi Dodoma.

"Mama, siku hizi nani anakaa kwenye ubao mtupu?" alisema Nyamizi. "Weka viti vya chuma, juu sponji, uvivalishe rekseni, ile ngozi ya bandia. Watu wanapenda kuzama."

Viti vya rekseni nyekundu vikaja, vikang'aa mpaka wapita njia wakageuka. Wazee wakaja kuviona. Mmoja wao, Masele muuza mitumba, alibonyeza kiti kwa kidole, akatazama sponji ikinyanyuka, akabonyeza tena.

"Kinarudi," alisema.

"Kaa basi ukione."

"Nimeshakiona, mama. Hongera sana."

Akanywa kahawa yake amesimama, akaenda.

Mwasiti akajisemea kwamba rekseni ina joto. Bati juu, jiko ndani, nani atapenda kukaa akatokwa jasho kwenye suruali? Ila jambo lilimtatiza: hakuna aliyekaa muda wa kutosha kulijua joto lenyewe. Hata hivyo akaenda kwa Bibi Kalunde, msusi wa mikeka, akarudi na viti vya kusukwa kwa ukindu, vyepesi, vinavyopitisha upepo. Sasa chumba kikawa na mninga upande huu, rekseni upande ule, ukindu katikati, na watu wote mlangoni.

Alichanganyikiwa kweli. Alibadilisha buni, akadhani labda ni harufu. Akahamisha jiko. Akasimama karibu zaidi, ili akiona mtu anatazama kiti amsogezee, na kadiri alivyosimama karibu, ndivyo walivyozidi kurudi nyuma. Huko nje alisikia wakianza kucheka, kisha wakipita kizingiti chake wananyamaza. Karanga zilikuwa zimeanza kung'olewa mashambani.

Kulikuwa na mzee mmoja, Kitungulu, mstaafu wa reli, ambaye magoti yake yalikuwa yamekwisha. Alitembelea fimbo, na akifika popote jambo la kwanza alilofanya ni kutafuta pa kuketi. Alasiri moja aliingia peke yake, akapokea kikombe, akaegemea ukuta. Fimbo ilitetemeka. Kahawa ikamwagika kidogo kwenye kisahani. Hatua moja kutoka alipo palikuwa na benchi la mninga.

Mwasiti akashindwa kuvumilia.

"Mzee Kitungulu, kwa nini hukai?"

"Niko salama, mama."

"Salama gani, unatetemeka? Niambie ukweli. Ubao mgumu?"

"Hapana."

"Basi kaa kwenye sponji."

"Sponji nayo nzuri."

"Ukindu?"

"Ukindu ndio kabisa. Mama yangu alikuwa na kiti cha ukindu."

"Sasa wewe unataka kiti cha nini? Nikakununulie cha dhahabu?"

Kitungulu akatazama viti vile vyote, kimoja kimoja, na uso wake ukawa wa mtu aliyepotea njia.

"Hata mimi sijui, Mama Nyamizi. Nikiwa nje nataka kukaa. Nikiingia humu, magoti yanakataa kukunjika. Nikitazama kiti naona kama kina miiba."

"Miiba? Fundi kakipiga msasa mbele ya macho yangu."

"Wewe umekikalia?"

Mwasiti akavitazama. Alikuwa amenunua viti vya aina tatu, na hakuwa amekalia hata kimoja.

"Mimi nahudumia," alisema.

"Na Mihayo alikuwa hahudumii?"

Miguu yake ilikuwa imevimba tangu asubuhi, na ghafla aliisikia yote kwa pamoja. Akavuta kiti cha rekseni mbele ya jiko, lakini kilikuwa kirefu mno, birika halifikiki. Ukindu nao vile vile. Kisha akaenda nyuma ya mlango, akaondoa kanga, akatoa kile kigoda. Akakipangusa vumbi kwa kiganja, polepole. Akakiweka mahali pake, akakaa.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kukiona chumba kutoka pale. Aliona kwamba kutoka pale mtu huona nyuso za watu, si migongo ya viti. Akalia kidogo, bila sauti, akichochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa.

Kitungulu akakohoa kidogo, na Mwasiti, akikumbuka kwamba ana mgeni, akataka kuinuka.

"Starehe, mama," alisema yule mzee. "Starehe."

Alilisema kabla hajajua kwamba atalisema. Ndilo neno alilomwambia Mihayo kila siku. Mihayo alikuwa ameketi, mgeni akiingia alijinyanyua nusu, mgeni akasema starehe, Mihayo akarudi chini, na mgeni naye akaketi. Ndivyo mtu alivyoingia kwa Mihayo. Lakini utamwambiaje starehe mtu aliyesimama? Na nani mwenye adabu zake atakaa, huku mfiwa amesimama juu ya kichwa chake na birika?

Kitungulu akateremka kwenye benchi la mninga, akaweka fimbo kando, akapumua.

"Gumu?" aliuliza Mwasiti.

"Sijui. Sijalisikia."

Masele akachungulia, akaona, akaingia. Mwasiti akajinyanyua nusu. "Starehe, mama." Akakaa kwenye rekseni bila kuibonyeza. Wakaja wengine, wakakaa popote, na mmoja, alipokosa kiti, akageuza ndoo. Bao likatolewa.

Walikuwa bado wanabishana nani aanze, fundi Lukanga akatokea mlangoni. Alikuwa amesikia mtaani kwamba wazee wameyakataa mabenchi yake, ati yana miiba, akaja kuyachukua kabla jina lake halijaharibika. Akawakuta wameyajaza.

"Si mlisema yana miiba?" aliuliza, na alikuwa amekasirika kweli.

"Jana yalikuwa nayo," alisema Masele.

"Mninga wangu hauna mwiba. Nioneshe."

"Tulia, fundi," alisema Kitungulu. "Hata rekseni ilikuwa nayo. Mwenyeji asipokaa, kila kiti ni miiba."

Wakacheka, naye Lukanga akacheka mwisho wa wote, na hata kabla ya magharibi neno lile lilikuwa limefika sokoni.

Ila siku ile haikuishia hapo. Nje mkokoteni ulisimama, umejaa magunia, na Kapama akaingia akijipangusa jasho kuja kupima chumba chake. Kelele zikakatika. Mwasiti alimwona, na hofu ikampanda, lakini mkono mmoja ulikuwa umeshika birika na mwingine kikombe cha mtu, kwa hiyo alijinyanyua nusu tu, kama alivyofanya kwa wote.

Kapama akatazama kigoda cha kaka yake. Akatazama aliye juu yake. Akaacha kujipangusa jasho, kama mtu aliyesahau kilichomleta.

"Starehe, shemeji," alisema mwishowe, akatafuta pa kukaa.

Akanywa vikombe viwili. Karanga zililala kwenye mkokoteni usiku ule, kesho yake akazipeleka kwingine, isipokuwa gunia moja alilomwachia Mwasiti kwa ajili ya kashata.

Kwa hiyo, mkimwona mtu anahangaika na mapambo, vyombo na vitambaa, na wageni wake hawatulii, mwambieni kwa upole: mwenyeji asipokaa, kila kiti ni miiba. Mwasiti naye ameshatutoka, masika yaliyopita. Safari hii watu waliviingiza viti ndani kabla ya mvua. Nyamizi amerudi kutoka Dodoma. Asubuhi huwasha jiko, huvuta kigoda, hukaa, ndipo anapofungua mlango, na watu huanza kuingia.