Kifaru Aliyeshindania Unyenyekevu

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo wanyama walikuwa na nyumba, masufuria na kanisa lao la nyasi, alikuwako Pimbi, mama wa mtoto mmoja tu, Chipe. Na asubuhi hiyo Chipe alikuwa anachemka homa. Midomo imekauka, macho yamelegea, kichwa kinaning'inia begani kwa mama yake, lege, lege.

Maji yalikuwapo. Chemchemi ile pale, chwi chwi chwi, unaisikia! Lakini njia yake ni moja, na katikati ya njia ameketi kitini Mzee Kifaru, kiongozi wa kanisa, joho hadi chini. Desturi aliiweka mwenyewe: hakuna anayeteka kabla Mzee hajaimbiwa akaridhika.

"Hamjachangamka," Kifaru aliwaambia wanyama waliopanga foleni ya maji. "Anzeni upya!"

Wakaanza upya.

"Sauti ya pili imelala! Upya!"

Pimbi anaimba, anamgusa mtoto, anaimba, anamgusa, jamani, moto! Akizimia je? Akinifia hapa hapa, wimbo haujaisha?

"Shikamoo Mzee, naomba hata funda moja, mtoto anaumwa."

"Marahaba. Hata mimi nilikuwa mtoto, nikaumwa, nikapona. Imba, Mama Chipe."

"Imba tu, mwenzangu," Kobe alimnong'oneza. "Ukibishana naye anaturudisha ubeti wa kwanza."

Kumsukuma? Mlima ule, atausukumaje! Akili ya Pimbi ikazunguka, zungu zungu zungu, mpaka ikatua. Akakohoa.

"Basi tuimbe upesi, Mzee, wengine tunawahi ng'ambo. Leo ni Alhamisi Kuu. Nasikia Mzee Tembo anawaosha waumini wake miguu, kama Bwana Yesu alivyowaosha wanafunzi. Wanasema bonde zima hakuna kiongozi mnyenyekevu kama yeye."

Masikio ya Kifaru yakasimama, twaa!

"Tembo? Yule mwenye majivuno?"

"Ndivyo wanavyosema, Mzee."

"Mnyenyekevu ni mimi! Hakuna anayenifikia! Muulize yeyote!"

Nyani akajiziba mdomo, mabega yanamtikisika.

"Leteni hiyo miguu!" Kifaru akanguruma.

"Lakini Mzee, Bwana alivua joho."

Joho likavuliwa.

"Akajifunga kitambaa."

"Kitambaa kiko wapi? Upesi!"

"Na maji alimimina mwenyewe. Wala hakuketi, Mzee, aliinama."

Puu! Kifaru akapiga magoti, vumbi likaruka. Akateka maji, akajaza beseni, akalisukuma mbele ya Pimbi aliyekuwa karibu. Pimbi hakungoja. Akachota kwa kiganja, akamnywesha mtoto. Gu, gu, gu.

"Wee! Hayo ni ya miguu!"

"Miguuni yatafika, Mzee. Yanapita mdomoni kwanza."

Wanyama wakaangua kicheko. Kifaru, kwa hasira, akaukamata mguu wa Chipe aanze kuosha. Akasita.

"Mbona anaungua hivi?"

"Ana homa, Mzee. Nilikuambia."

"Lini?"

"Kwenye wimbo."

Kifaru akainua macho. Kitini alikuwa akiona vichwa tu. Sasa, yuko chini, aliona midomo: wa Kobe umepasuka, wa Nyani una ukoko mweupe.

"Na Tembo? Anaosha kweli?"

Pimbi akamkumbatia mtoto, miguu tayari kukimbia. "Sijui, Mzee. Sijafika huko. Nilitaka maji tu."

Kobe akaingiza kichwa gambani. Kifaru akapumua, fuuu! Akakitia pembe kiti chake, akakirusha, kikabiringika, biringi biringi, mpaka korongoni.

"Mama, tena," Chipe alisema, macho yamefumbuka.

"Mpe tena!" akasema Kifaru. "Na nyie mnangoja nini? Tekeni! Wewe Nyani, lete miguu. Matope gani haya, ulilala shambani?"

"Tuimbe, Mzee?"

"Nyamaza, unywe."

Basi wanangu, ukipewa kuwaongoza wenzako, shuka uwatumikie kama Bwana alivyoshuka, usingoje mpaka mama mwenye hofu akudanganye.