Chambo cha Bi Mize

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika Pemba ya kale, kwenye mji mmoja wa wavuvi na wakulima, alikuwapo mja mwema akiitwa Maalim Shaame wa Mbwana. Asubuhi alisomesha Kurani, na maji yakianza kujaa aliingia mtumbwini na mshipi wake akaenda kuvua. Nami nimekipokea kisa hiki kwa bibi yangu, naye alikipokea kwa bibi yake, na siifichi fahari yangu: kila nikikisimulia kifua hunitanuka, kwa sababu waliomo ni watu wa kwetu.

Maalim Shaame alivua kuliko wote. Siku ambayo wenzake walirudi na tasi wawili wa mchuzi, yeye alirudi na changu, kolekole na chewa wa kubebwa kwa mti. Alikula kidogo, akagawa kingi, na wajane wa mji ule walimjua kwa harufu kabla hajabisha hodi.

Siri ya uvuvi ule ilikuwa ndani ya mtungi, na mwenye mtungi alikuwa mkewe, Bi Mize binti Ngwali. Mwamba wa pale una samaki wadogo wengi, wadokozi, na chambo kibichi hakifiki chini: wanakidonoa njiani mpaka ndoana inabaki tupu. Bi Mize alichukua ngisi, akawapasua vipande vya upana wa kidole, akawapanga mtungini tabaka kwa tabaka na chumvi ya mawe, akakandamiza kwa jiwe zito. Kesho yake alimwaga maji waliyoyatoa, akatia chumvi mpya. Siku ya tatu aliwaanika kivulini penye upepo, wala si juani, maana jua huwakausha wakawa kama ngozi ya ngoma. Mwisho aliwapaka mafuta ya ini la papa kwa ncha ya kidole. Ngisi yule akawa mgumu kwa meno ya wadogo, na harufu yake ikawaita wakubwa kutoka mapangoni. Kazi ile alifundishwa na mama yake, na aliifanya kwa udhu.

Watu hawakuyajua hayo. Katika mji ule kuchungulia kapu la chambo la mwenzio kulikuwa ni utovu wa adabu, sawa na kuchungulia chungu cha jirani. Waliloliona ni Maalim kuinua mikono, kupiga Bismillahi na kutupa mshipi, na samaki kupanda. Basi wakasema hiyo ni karama.

Kwanza Maalim alikataa. "Jamaa zangu," alisema, "hiki ni chambo tu." Wakacheka, wakaambiana, "Mwaona unyenyekevu wake?" Alivyozidi kukana ndivyo walivyozidi kuamini. Wakaanza kumletea ndoana zao azishike, na wengine wakachukua miiba ya samaki wake wakaitundika milangoni. Mwishowe alichoka kukana, akanyamaza. Na aliponyamaza, Mungu amsamehe, akaanza kuona raha. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Maalim wetu hakutia maji katika kitu chochote, ila alijifunza kutazama chini kwa haya pale jina la karama lilipotajwa, na haya ile haikuwa ya kweli yote. Ilikwenda hivyo miaka saba. Bi Mize alisikia yote, naye hakutia neno, akaendelea kugeuza ngisi wake.

Kisha imamu wa msikiti wa mji akafariki dunia. Uimamu ule aliwahi kuushika marehemu baba yake Maalim Shaame, na tangu ujanani mwake hakuna kitu alichokitamani zaidi ya kusimama pale aliposimama baba yake. Hakukitamani kwa mali, kwani hapakuwa na mali. Alikitamani kama mtu anavyotamani kuingia nyumba alimozaliwa.

Mji ule ulikuwa na ada yake. Waliostahiki uimamu waliilisha jamaa sahani moja siku ya Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri. Sahani hiyo sharti iwe chumo la mkono wa mwenyewe na mapishi ya mkono wa mwenyewe. Kabla ya watu kunyoosha mikono, mwenye sahani husimama akataja asili yake: imetoka wapi, na ni mkono wa nani ulioifanyia kazi. Ikiwa umo mkono wa pili, hata wa mwana au wa mke, sahani huliwa lakini mwenyewe huondoka katika kugombea. Walisema anayetaka kuwatangulia watu mbele ya Mola wao, kwanza aijue mipaka ya kilicho chake.

Safari ile walikuwa wawili. Wa pili alikuwa Maalim Faki Hamadi, mkulima, mtu wa maneno machache, msomaji mzuri asiye na sauti tamu. Kila mtu alijua atakayechaguliwa. Walikwisha kumshonea Maalim Shaame joho.

Alhamisi ikafika. Baada ya alfajiri Maalim akaenda mwambani peke yake, na kabla jua halijawa kali akarudi na chewa mmoja ambaye mkia wake uliburuzika mchangani. Akampara mwenyewe, akamtumbua mwenyewe, akamwosha kwa ndimu za mti wake. Akamkata mapande, akampaka chumvi na tangawizi, akampanga juu ya moto wa makumbi ya nazi. Nazi alikwisha kuziangua kwa mkono wake, na sasa akazikuna, akakamua tui zito, akalichemsha na pilipili mpaka likashika mwiko, akawa anayapaka mapande huku akiyageuza. Bi Mize alikaa kizingitini, mikono yake mapajani, asiguse hata kijiti cha moto.

Maalim akapaka, akageuza, akapaka tena. Kisha akasema bila kumtazama, "Bi Mize, ati chambo nacho hutajwa?"

"Chambo hakiliwi na watu, Maalim. Hakuna atakayekuuliza."

"Wewe ungekitaja?"

"Mimi sigombei uimamu," akasema Bi Mize. "Angalia, hilo pande la upande wa kushoto linaungua."

Msidhani hakutaka mumewe ashinde. Alitaka, tena sana, maana yeye ndiye aliyeisikia hamu ile miaka yote, ikiombewa dua juu ya msala wao wa kusalia nyumbani. Lakini alikuwa mwanamke aliyejua kwamba kuna neno ambalo mtu akisemewa na mwenziwe halina thawabu.

Baada ya adhuhuri jamaa wakakaa uani kwa msikiti, wanawake nyuma ya ukuta wa makuti. Mzee wa ada, Mwinyi Pandu, akamwita kwanza Maalim Faki. Huyu akaweka sinia ya muhogo na kunde, akasema, "Nimelima, nimepalilia, nimechimba, nimepika. Mkono ni wangu, na mvua ni ya Mungu." Akakaa.

Maalim Shaame akasimama. Harufu ya samaki ilikwisha kuzunguka ua mzima, na watu walikuwa wakimeza mate kwa adabu. Akasema, "Samaki huyu nimemvua mimi, na nimempika mimi."

Yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Akitaka kukaa, ilikuwa basi, na joho lilikuwa limekunjwa begani kwa Mwinyi Pandu. Mtu mmoja akasema kutoka nyuma, kwa mapenzi, "Na kwa karama yako, Maalim." Wengine wakaitikia, "Naam, naam."

Lakini hakukaa. Akamwangalia Mwinyi Pandu, akasema, "Sijamaliza. Samaki huyu hakufuata mkono wangu. Alifuata ngisi aliyetiwa chumvi siku tatu na mke wangu, Mize binti Ngwali. Na wale wa jana ni hivyo hivyo, na wa mwaka juzi, na wote mliokula miaka saba. Mimi najua kutupa mshipi tu, na nyote mwajua kutupa mshipi. Mliponiambia karama nilikana, mkacheka. Nikachoka kukana. Kisha nikapenda. Hilo la kupenda ndilo ninalotubu mbele yenu."

Mwinyi Pandu, ambaye alimpenda kama mwanawe, akajaribu kumvusha. "Maalim, ada inasema chumo na mapishi. Chambo hakimo sahanini."

"Kimo, Mwinyi. Kikitolewa chambo, sahani hii ni tui tupu."

Mtu mmoja akainuka kwa hasira. "Mimi nimetundika mwiba wa samaki wako mlangoni kwangu. Umetuacha tunafanya mambo ya kijinga nawe unatazama chini."

"Ni kweli," akajibu Maalim. "Uteremshe, ndugu yangu, na unisamehe."

Mwinyi Pandu akashusha pumzi. Akasema, "Sahani ina mikono miwili. Ada ni ada." Akalichukua joho kutoka begani kwake, akamvika Maalim Faki Hamadi. Lilikuwa refu kwake, kwa kuwa lilipimwa mwili wa mwengine.

Imamu mpya hakuhutubu. Alikwenda mwenyewe kwenye sinia ya Maalim Shaame, akakata pande la chewa, akaliweka juu ya muhogo wake, akala. Kisha akasema kwa sauti ile ile isiyo tamu, "Jamaa, kuleni. Samaki ni halali, na ametajwa kwa ukweli wake wote. Na aulizwe Bi Mize, kwa heshima yake, kama ataridhika kuwafundisha wenzake." Watu wakala muhogo wa mmoja kwa samaki wa mwengine mpaka masinia yakang'aa, na yule mwenye hasira alikula kuliko wote, kwani hasira hasara ila siku ya chewa wa kupaka.

Upande wa pili wa makuti Bi Mize alikuwa analia. Kwa miaka saba jina lake lilikuwa mtungini pamoja na ngisi, na leo lilitajwa pamoja na jina la baba yake mbele ya mji mzima, na mtu aliyelitaja alilipa kwa kitu alichokitamani maisha yake yote. Wanawake walimshika mabega. Akawaambia, "Njooni Jumamosi, kila mtu na mtungi wake. Na chumvi iwe ya mawe." Alifurahi, alijivuna, na alikuwa na haki ya kujivuna.

Baada ya alasiri, iliyosalishwa na Maalim Faki, Maalim Shaame alirudi nyumbani kwa mwendo wa mtu aliyetoka kuzika. Alimkuta mkewe amekwisha kutandika msala sebuleni. Akakaa ukingoni mwake. "Bi Mize," akasema, "nilikuwa na hatua moja tu niingie mihirabuni mwa baba yangu."

"Nilikuona."

"Unanisikitikia?"

Bi Mize akamtazama sana, kwa macho ambayo bado yalikuwa mekundu. "Nikusikitikie kwa lipi, Maalim? Msikiti umepata imamu wake, na mimi sikumpoteza wangu."

Haya, ndugu zangu. Wengi wetu hatusemi uongo, alhamdulillahi, ila tunaijua vizuri ile sehemu ya kweli inayotosha kutupatia tunachotaka, na tukifika hapo tunakaa kitako. Mja mwema ni yule anayebaki amesimama amalizie. Sisi wa ukoo wa Bi Mize hatukutoa imamu hata mmoja mpaka leo, na hatuoni haya kwa hilo. Tukifungua mtungi wa ngisi tunataja jina la Mungu, kisha tunamtaja aliyetufundisha, ndipo tunatia mkono.