Jina la Mtoto wa Kifuani

Hapo zamani, barabara ya magari ilipokuwa bado haijapanda milima ya Upare, palikuwa na kijiji kilichoitwa Ndorwe. Ndorwe ni juu, na baridi yake ya mwezi wa Julai humfuata mtu mpaka kitandani. Huko aliishi Mbonea mwana wa Sangiwa, pamoja na mkewe Nakiete na mama yake mzazi, Nambike. Jirani yao wa upande wa juu alikuwa Nasemba, mjane mfuga mbuzi ambaye hakujaliwa mtoto. Wakumbukeni hao wanne kwa majina, maana kesi yenyewe ni ya jina.

Nakiete alikuwa na mimba ya miezi saba. Asubuhi moja alikwenda kukata majani ya mbuzi, akateleza kwenye kijia chenye umande, akaanguka. Kabla jua halijafika utosini uchungu ukamshika, akajifungua mtoto wa kike, njiti. Hakuzidi njiwa kwa ukubwa. Kichwa chake kilienea katika kiganja cha Nambike, na ngozi yake ilikuwa nyembamba hata mishipa ikaonekana. Tena hakulia. Nambike, ambaye ndiye aliyempokea, akamfuta kinywa, akampulizia pumzi mara ya kwanza, akampulizia mara ya pili, akampulizia mara ya tatu. Mara ya tatu mtoto akalia, sauti ndogo kama ya kifaranga.

Akaitwa Mzee Mashombo, kaka mkubwa wa marehemu Sangiwa na kiongozi wa ukoo, aje atoe jina. Desturi ya Ndorwe ni kwamba binti wa kwanza wa nyumba hupewa jina la mtu aliye hai au aliyefariki, na jina lisilopata mtoto wa kulibeba husahaulika. Kwa hiyo jina halitolewi ovyo kwa mtoto ambaye huenda asimalize wiki. Mashombo akamtazama yule mtoto, akakuna kidevu.

"Huyu asiitwe kwanza," akasema. "Akifika siku ya arobaini yu hai, aliyemwokoa ndiye atakayetoa jina."

Akaenda zake akidhani amemaliza kesi. Kumbe ndiyo kwanza ameianzisha.

Nambike akaanza kazi. Katika nyumba za Ndorwe mbegu za msimu ujao hutiwa kikapuni na kutundikwa juu ya meko, ili moshi uzuie wadudu na joto lizuie ukungu. Nambike alikuwa amehifadhi mbegu namna hiyo kwa miaka thelathini na hajapoteza hata kibaba kimoja. Basi akamwaga maharagwe, akatandika kikapu kwa majani makavu ya mgomba na vitambaa, akamlaza mjukuu wake humo, akamtundika juu ya meko.

Moto ukiwaka sana, mtoto alikuwa mwekundu kama pilipili. Moto ukififia, alikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Moshi ukampalia, akakohoa. Akishushwa anyonye, alifungua kinywa, akashika, akachoka, akalala. Siku ya tatu hata kinywa hakukifungua.

Siku hiyo Nasemba akaja kumjulia hali mzazi. Akamwona mzazi, mtoto hakumwona. Akauliza yuko wapi. Akaonyeshwa kikapu.

"Mama Mbonea," akasema, "huyu ni mjukuu wako au ni mbegu ya maharagwe?"

Nambike akanuna. Nasemba hakungoja amalize kununa. Akamshusha mtoto, huku akieleza kwamba mbuzi wake mmoja aliwahi kuzaa kabla ya siku zake, na yule mwanambuzi hakuweza kusimama wala kunyonya. Yeye alimtia ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi, akamkamulia maziwa kidogo kidogo mdomoni, na sasa anavunja nyua za watu na kula mboga zao. Akasema mtoto naye akae kifuani bila nguo, wima, miguu imekunjwa kama ya chura, afunikwe kwa juu, na asitolewe mchana wala usiku.

Wakamweka juu ya kifua cha Nakiete. Lakini Nakiete alikuwa amepoteza damu nyingi, na homa ya baridi ilikuwa imemshika. Alitetemeka, na mtoto akatetemeka naye. Kifua cha Nambike kilikuwa na kikohozi cha miaka. Nasemba alikuwa na mbuzi thelathini wanaolia zizini, na hakuwa na mtu wa kuwatoa. Basi wanawake wote watatu wakageuka, wakamtazama Mbonea aliyesimama mlangoni.

Huko mwanamume hagusi mtoto mpaka kitovu kidondoke. Mbonea akamtazama mama yake, akamtazama mkewe. Kisha akavua shati.

"Mleteni," akasema.

Akafungiwa mtoto kifuani kwa kaniki ya mkewe, akakaa siku tisa. Nakiete alilala huku anatetemeka, lakini kila baada ya muda mfupi aliinuka kwa kiwiko, akakamua maziwa yake ndani ya kibuyu kidogo. Nambike, ambaye sasa hakutaka hata kukitazama kikapu chake, alichukua kijiko akatonesha. Nakiete akakamua, Nambike akatonesha, mtoto akameza, Mbonea akatulia asimwamshe. Jua likachwa, wakaanza upya: Nakiete akakamua, Nambike akatonesha, mtoto akameza, Mbonea akatulia asimwamshe.

Siku ya sita ya kazi hiyo ilikuwa zamu ya Mbonea kupata maji ya ndiva, yaani bwawa ambalo wakulima wa Ndorwe hugawana maji yake kwa zamu. Anayekosa zamu hungoja siku kumi na mbili. Akaenda na mtoto wake kifuani. Wanaume waliokuwa mferejini wakacheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akataka kujua maziwa yatatoka lini. Mwingine akauliza kama Nakiete naye siku hizi anakwenda barazani kuamua kesi. Mbonea akawajibu kwa upole kwamba ana mgeni amelala, wacheke polepole. Lakini kuinama hakuweza, na jembe hakuweza kulipiga. Maji yakapita, yakaingia shamba la jirani, na maharagwe yake yakakauka yakiwa na maua.

Baada ya siku tisa homa ikamwacha Nakiete. Akamchukua mwanawe, akamweka kifuani kwake. Alipika naye, alifagia naye, alilala nusu ameketi. Siku moja mtoto akalitafuta titi mwenyewe, akalishika, akanyonya mpaka jasho likamtoka puani. Nambike alipoona hivyo akakiweka kile kijiko chini, akacheka peke yake kwa muda mrefu.

Siku ya arobaini Mashombo akarudi. Akakuta mtoto ana mashavu. Ukoo ukakusanyika uani, dengelua, pombe ya miwa, ikamiminwa, na mzee akauliza ni nani aliyemwokoa mtoto huyu. Wote wanne wakaitika pamoja.

Nambike akatangulia, kwa kuwa ni mkubwa.

"Mimi ndiye niliyempa pumzi. Bila pumzi, mngemweka nani kifuani? Na hayo maziwa, mkono wa nani uliyatonesha? Kikapu nilikosea, sikatai. Lakini jina la bibi mzaa baba ndilo la kwanza katika ukoo huu. Aitwe Nambike."

"Ulikuwa unamkausha," Nasemba akasema.

"Na wewe ulisema maneno mawili ukarudi kwa mbuzi wako."

"Maneno hayo mawili ndiyo yaliyomshusha," akajibu Nasemba. Kisha akamgeukia Mashombo, na sauti yake ikapungua. "Baba, mimi sina mtoto, sina mjukuu. Siku nitakayozikwa, Nasemba atakuwa amekwisha. Siku ile sikuomba kitu. Leo naomba. Aitwe Nasemba."

Mbonea akainuka.

"Jina langu ni la kiume, najua. Lakini nilimbeba mwanangu siku tisa kama mwanamke, naye anaweza kubeba jina langu kama mwanamume. Maharagwe yangu yamekauka. Kule mferejini wananiita mzazi mpaka leo. Aitwe Mbonea."

Ua mzima ukacheka, hata Mashombo. Kisha wakaona kwamba Mbonea mwenyewe hacheki, nao wakaacha.

Nakiete alikuwa ananyonyesha, na hakuinua macho. Huko mama hampi mwanawe jina lake mwenyewe. Yeye alitaka la mama yake, Nanzia, aliyefariki mwaka wa nzige na hakuna mtoto aliyepata kuitwa kwa jina lake.

"Kila mmoja anasema alichompa," akasema taratibu. "Mimi nilimpa mwili. Nilipotetemeka nilikamua, nilipopona nilimbeba. Mume wangu amehesabu siku tisa. Mimi nina ishirini na nane, na ile miezi saba ya kabla sijamsikia mtu akiihesabu. Aitwe Nanzia."

Mashombo akawaza. Bila Nambike, mtoto asingevuta pumzi ya kwanza. Bila Nasemba, asingevuka siku ya tatu. Bila kifua cha Mbonea, asingevuka ya nne. Bila maziwa ya Nakiete, asingevuka hata moja kati ya hizo arobaini. Na jina huko Ndorwe ni moja tu, halichanganywi na lingine. Mara mbili alifungua kinywa alitaje, na mara mbili alimwona mmoja wao akiinamisha uso, akakifunga. Akaomba dengelua. Akaletewa, ikaisha, na jina halijapatikana. Mtoto akaliacha titi, akacheua, akawatazama wote, akangoja.

Basi ninyi mnaonisikiliza, ketini kila mmoja kwenye kigoda cha Mashombo, mtoto yuko mbele yenu na watu wanasubiri. Ni Nambike, ni Nasemba, ni Mbonea, au ni Nanzia? Je, nani alistahili?