Kwa Nini Herufi za Mabango Ni Ndefu na Zina Nyayo

Kaeni vizuri niwaambie. Zamani herufi zote zilikuwa fupi na nene. Neno moja tu lilijaza ubao mzima juu ya mlango, na hakuna aliyelalamika, maana watu walijuana na bango lilikuwa pambo tu.

Siku hizo aliishi Bi Mwanaidi, mjane wa kando ya mto Mlewa. Mwanawe wa pekee, Sefu, alikwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, akakawia huko. Mwaka wa tatu mto ulihama njia yake, ukameza kijiji. Watu wakapanda mlimani, wakajenga nyumba zinazofanana kama punje za maharage. Bi Mwanaidi alipata nyumba, lakini usingizi ulimruka. Sefu akirudi ataona maji tu, adhani mama amekufa, ageuke aende zake. Wazo hilo lilimkondesha.

Akamwendea Haruni, fundi wa mabango, na ubao wa kitanda cha Sefu, ndio pekee uliookolewa.

"Fundi, niandikie: Sefu, mama yupo hapa. Ionekane kutoka kivukoni."

Haruni akapima kwa shubiri. "Mama, ubao hautoshi. Tuondoe neno. Hilo 'hapa' la nini?"

"Nikiliondoa, mwanangu aende wapi?"

"Basi tuondoe 'mama'."

Bi Mwanaidi akamkazia macho mpaka fundi akainama.

Ikabidi Haruni azibane herufi ubavu kwa ubavu, azivute mpaka juu ya ubao. Zikatoka ndefu, nyembamba, kama zilizofunga mwezi mzima.

"Zitaanguka hizi," akasema Bi Mwanaidi. "Zipe nyayo. Zitasimama imara."

Fundi akaipa kila moja nyayo ndogo, kistari kilicholala chini ya kila mguu.

Majirani wakacheka. "Herufi gani hizi, zinaumwa? Tena Sefu mwenyewe hajui kusoma!"

Kweli, hakujua. Kwa hamu ya kumwona, mama alikuwa amesahau hata hilo. Siku hiyo alilia sana, lakini bango hakulitoa. Kila masika yakiisha alilipaka rangi upya.

Mwaka wa tisa, Alhamisi moja, mtu mwenye kifurushi alisimama kivukoni akitazama maji yaliyofunika kwao. Hakuuliza kitu, alichokiona kilimtosha. Alikuwa amekwisha geuka aende zake, jicho likanasa kule mlimani. Maishani mwake hakuwahi kuona herufi zilizosimama vile.

"Ndugu," akamwuliza mvushaji, "pale pameandikwa nini?"

Mvushaji, mgeni wa hapo, akamsomea. Sefu akamwomba asome tena. Mara ya tatu hakungoja neno la mwisho. Miguu ilikuwa imekwisha shika njia ya mlima.

Na tangu siku hiyo, neno linalotaka kuonekana mbali huandikwa hivyo, refu, jembamba, lenye nyayo. Mkiziona herufi hizo kwenye mabango, msiseme zimekonda kwa njaa. Zinamngoja mtu.